Kitabu cha Ubatizo na Bibi Skola

Ipo siku moja, mwanangu, ninayoikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu. Ilikuwa Jumamosi ya kiangazi. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, karani wa masijala katika ofisi moja ya serikali hapa Morogoro mjini, na nilikuwa napanda mlima kule Matombo nimevaa viatu vya kisigino, kwapani nimebana karatasi ya manila iliyokunjwa kama bomba. Nilikuwa nakwenda kumwonyesha bibi kizee mmoja kwamba kazi ya kuutafuta ukoo wetu nimeimaliza. Ndiyo, kuimaliza. Usicheke, au cheka kidogo tu.

Nakusimulia haya kwa sababu siku hizi vijana hunijia hapa nyumbani Bigwa wakitaka kujua wasome nini ili waandike historia ya familia zao. Wamesikia kwamba nilikaa na majalada miaka thelathini na zaidi. Huketi sebuleni robo saa, hunywa soda, huipiga picha orodha niliyowaandikia, halafu huaga. Nawashukuru kwa kuja. Nyumba hii ina vyumba vinne, na tangu mume wangu afariki na watoto waende Mwanza na Mbeya, natumia kimoja na jiko. Zipo siku ambazo mtu wa kwanza kunipa shikamoo ni mwuza mchicha, na ndiye wa mwisho pia. Kwa hiyo orodha ninayo, na wewe nitakupa. Lakini kwanza nisikilize, maana hao waliopiga picha na kuondoka wameondoka na nusu tu ya walichokijia.

Baba yangu alikuja kutoka Songea kukata mkonge, akamwoa mama yangu, binti wa Kiluguru wa milima ya Matombo. Mama alifariki nikiwa na miaka mitatu. Ndugu zake wakaja kuuchukua mwili wakaenda kuuzika kwao, kama ilivyo desturi ya huko, na msiba ulipokwisha wakamwambia baba kwamba na mtoto naye ni wa kwao. Kwa Waluguru, mwanangu, mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Kwa Wangoni mtoto ni wa baba. Kila upande ulikuwa na haki yake, na kila upande ulikuwa na kichwa kigumu. Baba akanibeba akarudi nami kambini, na tangu siku hiyo hakuna aliyepanda mlima wala aliyeshuka.

Nikakua bila kumjua hata mtu mmoja wa upande wa mama. Nilichokuwa nacho ni jina lake tu, Paulina, na maneno ya baba kila nilipomwuliza: "Mama yako yuko kwao, huko juu." Picha yake hatukuwa nayo hata moja. Tangu utoto nilitaka kitu kimoja, kusimama kwenye kaburi lake nikijua kwamba ni lake. Mengine yote, majina na miaka na michoro, yalikuwa njia tu ya kufika hapo, ingawa njia ilinichukua akili mpaka nikasahau ninakokwenda.

Kilichonipoteza ni kazi yangu. Karani mkuu wetu alikuwa mtu wa zamani, mwenye miwani ya kamba, na kila asubuhi alitukumbusha kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Alifundisha kwamba jambo lisilo na jalada halijatokea. Ukimwambia bwana fulani alifika jana na kulalamika, atakuuliza barua iko wapi. Nikauchukua msimamo huo nikaufanya dini. Nilipoanza kumtafuta mama, sikufikiria kumtafuta mtu aliyemjua. Nilitafuta karatasi iliyomtaja.

Na karatasi ilikuwepo. Parokiani kule Matombo padre mmoja mpole aliniwekea mezani kitabu kikubwa cha ubatizo, kingo zake zimeliwa na mende. Kiliandikwa Kilatini, kwa mkono, ila Kilatini cha ubatizo hakina ugumu, maneno ni yale yale ukurasa hadi ukurasa. Baada ya saa moja nikampata. Sitakudanganya, mwanangu, nililia mbele ya padre. Palikuwa na jina lake, siku aliyobatizwa, jina la baba yake, jina la mama yake, kijiji, na majina ya wasimamizi wake wa ubatizo. Kisha nikafuta machozi nikafanya kile ambacho mtoto wa Mngoni aliyelelewa na masijala angefanya. Nikachukua jina la baba yake nikaanza kupanda nalo. Baba wa mama, baba wa babu, baba wa huyo. Nilirudi Jumamosi nne. Vitabu vilipoishia nikawauliza wazee wa kanisa, wakaniongezea, nikafikisha wanaume saba, mmoja juu ya mwenzake, nikawachora kwenye manila kwa rula na wino wa rangi mbili. Safu ya jina la mama niliiruka kila ukurasa. Wasimamizi sikuwatazama kabisa.

Katekista ndiye aliyeniambia kwamba mdogo wake bibi yangu mzaa mama yungali hai, anaitwa Skolastika, watu wanamwita Bibi Skola. Ndiye huyo niliyekuwa nampandia na viatu vyangu vya kisigino.

Nilimkuta amekaa kwenye kigoda nje ya nyumba yake, kwenye mteremko wa migomba, anamenya magimbi. Nikampa shikamoo. Aliitikia marahaba bila kuniangalia usoni, alikuwa ananiangalia miguu. Akaitazama kwa muda, mpaka nikaona haya kwa vile ilikuwa na vumbi.

"Hiyo ni miguu ya Paulina," akasema. "Karibu. Umekawia, lakini karibu."

Alinipikia magimbi, akanipa na chai ya mchaichai, hakuniuliza neno mpaka nimeshiba. Na mimi, badala ya kukaa nikatulia mahali ambapo kwa mara ya kwanza maishani mtu amenitambua kwa miguu yangu, nilikuwa nawaza lori la ndizi la kunirudisha mjini, linaloondoka saa tisa. Nikafungua manila pale mkekani, nikaweka gimbi kila pembe isijikunje, nikaanza kumsomea.

Alisikiliza wote saba. Huyu namjua, alisema. Huyu alikuwa fundi wa mizinga ya nyuki. Huyu alikuwa mlevi, Mungu amrehemu. Nilipofika wa juu kabisa akaniuliza, "Umemaliza?"

"Nimemaliza, bibi."

"Basi umefuata ndevu, mjukuu wangu. Huku kwetu mtu hufuatwa kwa ziwa alilonyonya. Hao saba ni watu wa watu, siwakatai. Lakini kila mmoja kazikwa kwa mama yake, kwenye ardhi ya ukoo wa mama yake. Ukiwafuata utafika kwenye makaburi saba, na mama yako hutamkuta hata kwenye moja. Mimi hapa naweza kukutajia mama wa Paulina, na mama wa mama yake, na mama wa huyo, mpaka yule aliyekuja na jembe kukata msitu huu. Hukuniuliza."

Usemi ule ulinichoma. Jumamosi nne, mwanangu, na rula, na wino wa rangi mbili. Ningekuwa na busara ningecheka. Badala yake nikakunja manila yangu nikasema maneno ambayo mpaka leo nikiwa peke yangu jikoni huyasikia kwa sauti yangu ile ya usichana.

"Bibi, mimi nimeyatoa kwenye kitabu kilichoandikwa na padre. Wewe hata kusoma hujui."

Hakukasirika. Aliendelea kukusanya maganda ya magimbi akayatia kwenye ungo.

"Kweli, kusoma sijui," akasema. "Ila mama yako nilimwosha mimi, kwa mikono hii."

Alinyanyuka, akasimama karibu nami, akasema kwa upole kwamba kesho yake ndiyo siku ya kusafisha makaburi ya ukoo kabla ya mvua. Nilale pale, asubuhi tutakwenda wote, atanionyesha mama alipo, na atanitajia waliolala pale mmoja mmoja, na mimi nikitaka nitaandika, yeye hakatazi kuandika.

Kitu nilichokitaka tangu utoto kilikuwa umbali wa usiku mmoja tu. Nami nikakataa. Nilisema nina kazi Jumatatu, jambo ambalo lilikuwa kweli, na nikasema nikipata likizo nitakuja, jambo ambalo niliamini. Kilichoniondoa pale si kazi. Ni aibu iliyojivika kiburi. Nilikuwa nimemtukana, naye alikuwa amenishinda bila kupandisha sauti, na sikuweza kulala nyumba moja na ushindi wake. Wahenga walisema usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Mimi nilimtukana mkunga, halafu nikawahi lori.

Likizo ikaja. Mwaka ule nikaposwa. Mwaka uliofuata nilikuwa mjamzito, kisha nikawa na mtoto mchanga, na barabara ya kule wakati wa mvua unaijua ilivyo. Halafu mtoto wa pili. Halafu sababu zikaisha nikabaki na aibu tu, na aibu nayo, ikikaa sana, hufanana na kusahau. Ngoja ngoja huumiza matumbo. Miaka kumi na mitatu, mwanangu. Ni safari ya asubuhi moja, nami niliifanya ichukue miaka kumi na mitatu.

Aliyenirudisha ni baba, kwa kufa kwake. Ndugu zake walikuja kutoka Songea wakamchukua, tukaenda kumzika, na kwenye matanga nikaona jinsi kila mtu alivyokuwa na mahali pake pa kukaa na kazi yake ya kufanya. Mimi nilikuwa napewa kiti na chai kama mgeni. Walinipenda, siwasemi vibaya. Lakini nilijiuliza siku nikifa mimi, nani atajua cha kufanya bila kuambiwa? Ng'ombe akivunjika guu hukimbilia zizini. Nilipotoka Songea sikukaa hata wiki mjini, nikapanda Matombo.

Bibi Skola alikuwa amefariki miaka miwili kabla ya hapo.

Nyumbani pake nilimkuta binti yake, Mama Tabu, ambaye kwa desturi ni mama yangu mdogo, ingawa kwa umri tunakaribiana. Alikuwa ameolewa Kinole, akarudi kumwuguza mama yake, akabaki. Nilipomtajia jina langu aliweka mkono mdomoni. Akaniambia, "Kumbe upo. Mama alikuwa anakutaja kila mwaka."

"Alikuwa ananitajaje?"

"Siku ya kusafisha makaburi. Watu wakifika kwa Paulina wanataka kufyeka, mama anawazuia. Anasema hapo paacheni, mwenyewe yuko mjini, atakuja kusafisha. Basi panaachwa. Mwaka unaofuata hivyo hivyo. Walimwambia mama, pataota pori. Akasema pori si kitu, mtoto anakuja."

Niligeuka nikatazama migomba, kwa sababu sikutaka anione. Miaka yote ile nilidhani yule bibi amenikasirikia. Nilikuwa nimemkwepa kama mtu anayemkwepa hakimu, na yeye alikuwa ananitunzia nafasi yangu.

Nikamwomba anipeleke. Tulishuka na fyekeo moja. Makaburi ya juu yalikuwa safi, yamefyekwa vizuri. Chini yake, mteremko ulikokuwa mkali, palikuwa na kichaka. Mama Tabu akasimama pembeni yake, akanyoosha mkono, akauteremsha. Kulikuwa na matuta matano ya makaburi ndani ya kichaka kile. Familia za wale wengine waliolala pale zilikuwa zimehamia Dakawa kulima mpunga, haziji tena, na makaburi yao nayo yalikuwa yameota pori. Hakuna jiwe lenye maandishi hata moja.

"Mama miguu ilikuwa imechoka," akasema. "Miaka ya mwisho alikuwa haendi chini. Anasimama hapa, anaonyesha kwa kidole. Mimi mwenyewe nilikuja mara mbili tu. Ni mojawapo ya haya, dada. Lipi, nitakuwa muongo."

Basi karani wa masijala akarudi kwenye karatasi zake. Nilikwenda parokiani kwenye kitabu cha vifo. Nilimpata mama, siku aliyokufa, siku aliyozikwa, na mahali: amezikwa kwao. Kitabu hakikudanganya. Kilisema kweli yote iliyokuwa yake, na ikaishia hapo. Nilikwenda kwa mwenyekiti wa kijiji, nikaenda kwa watu wa Dakawa kuwauliza wakumbuke ya kwao yalikuwa wapi, wengine walikuwa wamezaliwa huko huko Dakawa. Mwisho Mama Tabu akanikumbusha watani. Kwa mila za huko, mwanangu, msiba ukitokea kazi za kaburi hufanywa na watani wa ukoo, ndio wanaochimba, ndio wanaofanya mizaha ya kuwapunguzia wafiwa machozi. Waliochimba kaburi la mama walikuwa wameshakufa wote. Alibaki mjane wa mmoja wao, amekwisha kupofuka, anaota jua mlangoni.

Huyo mjane hakujua kaburi ni lipi. "Marehemu mume wangu hakunionyesha," akasema, "nami sikumwuliza." Lakini siku ya mazishi aliikumbuka. Alisema mvua ilinyesha tangu alfajiri, na shimo lilikuwa linajaa maji, watani wanayachota kwa ndoo huku wanamtania marehemu kwamba amekataa kulala pakavu. Na alisema palikuwa na mtoto wa kike wa marehemu, anaungua homa, aliyekuwa mgongoni mwa Skola. Kila mtu aliyejaribu kumpokea, mtoto alilia. Basi Skola alikaa naye mgongoni siku nzima. Alimwosha marehemu akiwa naye mgongoni. Alitupa udongo kaburini akiwa naye mgongoni.

Mama Tabu akamwambia, "Mtoto mwenyewe ni huyu."

Yule mjane alininyooshea mkono hewani, nikausogelea, akanipapasa kichwa. Nilikuwa namwona yule bibi akikusanya maganda ya magimbi, na msichana mwenye manila anamwambia hujui kusoma.

Sasa orodha yako, mwanangu, chukua kalamu.

Vitabu vipo. Nenda maktaba ya mkoa, nenda na maktaba za vyuo hapa mjini, uliza walichonacho kuhusu milima hii na koo zake. Vingi viliandikwa na wageni, wamisionari na maofisa wa kikoloni, waliokaa miaka michache wakaondoka. Visome, vina mengi, ila usivisome peke yako. Msomee mtu mzima wa ukoo sura moja, halafu nyamaza. Atakapoanza kubisha ndipo kitabu chenyewe kitakapoanza.

Kwenye kitabu cha ubatizo usisome kama nilivyosoma mimi. Soma mstari wote. Soma jina la mama, soma wasimamizi, maana mara nyingi msimamizi ni shangazi au mama mkubwa ambaye hukumjua, na soma pembeni ya ukurasa ambapo padre aliongeza ndoa kwa wino mwingine miaka mingi baadaye. Kama ninyi ni Waislamu, mtafute shehe aliyefungisha ndoa za wazee wako na vyeti vyake, na siku ya hitima tega sikio majina ya marehemu wanaoombewa dua yanapotajwa. Hiyo ni orodha ya ukoo inayosomwa kwa sauti mbele yako, na wewe umekaa nyuma unachezea simu.

Shule za zamani zina rejista za wanafunzi. Tazama safu ya mlezi. Huku milimani utakuta jina la mjomba badala ya la baba, na mjomba ndiye mlango wa kuingilia upande wa mama. Kama babu yako alifanya kazi mashamba ya mkonge au ya miwa, uliza kama kuna aliyehifadhi kipande chake cha kazi, ile kadi ya kuhesabia siku alizofanya. Fungua masanduku ya bibi, tazama nyuma ya picha kabla ya mbele. Kadi za kliniki usizitupe. Barua hata ile ya kuomba sukari ihifadhi, kwa kuwa aliyeiandika alimsalimia kila mtu kwa jina.

Ukienda Dar es Salaam kwenye hifadhi ya nyaraka za serikali, nenda na penseli, maana kwenye nyumba kama hizo kalamu ya wino huwa hairuhusiwi. Usimwambie karani unamtafuta babu yako fulani, atakusikitikia tu. Mwulize majalada ya wilaya, ya miaka fulani, ya ardhi au ya kodi, halafu jitafutie mwenyewe. Na uwe macho na majina. Huku kwetu mtu akifariki, jina lake hurithiwa na mwingine wa ukoo, pamoja na wajibu wake. Kwa hiyo ukikuta mtu mmoja ametajwa miaka tisini, hakuishi miaka tisini akifanya kazi. Ni watu watatu.

Na watani uwaulize. Ndugu atakuficha aibu za ukoo, mtani atakutajia zote kwa furaha, na katikati ya mizaha yake kuna ukweli ambao hutaupata kwenye jalada lolote. Hivyo vipimo vya damu vinavyotangazwa kwenye simu, vya kutuma mate ughaibuni wakwambie asili yako, mimi sivijui. Labda ni kweli. Sijui kama vinaweza kumtambua mtu kwa miguu.

Hizo zote, mwanangu, zitakusubiri. Kitabu cha ubatizo kitakuwepo mwakani. Majalada yatakuwepo, mende wakituhurumia. Asiyekusubiri ni mmoja tu, na huyo ndiye kila kijana humwacha mwisho, kwa sababu yupo, kwa sababu ni bibi tu, kwa sababu hajui kusoma na anarudia maneno. Anza na yeye. Usimwendee na fomu. Nenda ukale chakula chake, ukalale nyumbani kwake hata kama una kazi Jumatatu. Akikukosoa, kaa. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mimi ninayekwambia natembea kwa kuchechemea tangu ujana.

Najua wengine watasema nimewageuzia swali, waliniuliza vitabu nikawapa vilio. Nami nawajibu kwamba nimewapa vyote viwili, wachague.

Kila mwaka kabla ya mvua napanda Matombo. Nikiwa na nguvu nilifyeka makaburi yote matano peke yangu, sikutaka msaada. Siku hizi magoti hayataki, vijana wa Mama Tabu hunisaidia mawili. Niliwaambia watu wa Dakawa, walifurahi kwamba na ya kwao yanasafishwa. Sijui mama ni yupi. Mwaka huu naanza na kaburi la kushoto, mwaka ujao naanza na la kulia, ujao wake la katikati, ili mama asiwe wa mwisho kila mwaka. Nikimaliza naketi chini pale katikati yao, nawasalimia wote watano shikamoo, nasubiri kidogo.

Basi nenda, mwanangu. Una bibi, au una mama mkubwa, au una mjomba mzee mahali fulani ambaye simu yake hailii tangu asubuhi. Mpigie kabla hujaanza kutafuta kitabu chochote, na usimwulize lolote, msalimie tu na umwambie unakuja kulala. Mwenyezi Mungu akupe miguu ya kuwafikia wazee wako, na masikio ya kuwavumilia. Akutunzie unaowapenda mpaka uwafikie. Na wewe ukizeeka, akuletee mtoto atakayelala.